Kabla Diski za Harusi Hazijafutika

Leo tuzungumze jambo dogo la dukani lenye uzito mkubwa nyumbani. Unataka raita ya DVD, yaani kile kifaa cha kusomea na kuchomea diski, kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani. Fedha si nyingi. Uchague ipi? Na mimi naongeza ombi: uinunue mwaka huu, usiseme mwakani.

Najua wapo watakaosema mambo ya DVD yamepitwa na wakati. Watu wanatumiana video kwa simu, vijana wanaangalia muvi mtandaoni, na laptopu nyingi zinazouzwa sasa hazina hata tundu la kuingizia diski. Ni kweli. Hata Sony walitangaza kwamba Februari 2025 wanaacha kutengeneza diski zao za Blu-ray za kurekodia. Lakini fungua kabati la televisheni katika nyumba yoyote ya hapa Igawa, bonde la Usangu, iliyofanya harusi kati ya mwaka 2003 na 2015. Utakuta diski mbili tatu, nyingine kwenye makasha yenye picha ya maharusi, nyingine kwenye bahasha za karatasi zenye kidirisha cha nailoni. Humo mna sendofu ya dada, kipaimara cha mtoto wa kaka, siku kwaya ilipozindua albamu yake baada ya mavuno ya mpunga, na maziko ya babu. Bibi ambaye hatunaye tena anaonekana humo akicheza na kupiga vigelegele, na sauti yake inasikika. Nakala nyingine haipo. Yule mtu wa video aliyeletwa kutoka Mbeya mjini alishahama, au kompyuta yake ilikufa, au alirekodi harusi nyingine juu ya kanda zake.

Diski hizo zinakufa huku zimekaa kabatini. Diski ya filamu iliyotoka kiwandani, kama zile filamu za marehemu Steven Kanumba zilizouzwa kihalali enzi zake, huwa imegongwa kwa mhuri, vishimo vyake viko ndani ya plastiki yenyewe. Diski iliyochomwa kwa kompyuta haiko hivyo. Ndani yake mna tabaka jembamba la rangi, na mwanga wa leza ndio uliobadilisha rangi hiyo, nukta kwa nukta, ikawa picha na sauti. Rangi hufifia kwa joto na kwa mwanga. Na sisi huku bonde la Usangu si Njombe kwenye baridi. Jua linapiga, nyumba nyingi zimeezekwa bati bila dari, na kabati la televisheni mara nyingi limekaa mkabala na dirisha.

Chukua diski moja uishike kwa kingo, uigeuze upande usio na maandishi, uielekeze kwenye mwanga. DVD nyingi za kuchoma zina rangi ya zambarau iliyokolea. Tazama ukingo wa nje. Ukiona pamepauka, au pana madoa kama unyevu uliopenya, ujue uharibifu umeshaanza. Diski huandikwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hiyo mwisho wa sherehe ndio ulioko ukingoni. Ndiyo maana watu wengi husema ibada ya kanisani inaonekana vizuri, lakini deki ikifika kwenye zawadi, picha inaganda. Deki si lazima iwe mbovu. Huenda ni diski inayokuomba uinakili kabla haijazima kabisa.

Basi hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya raita unayoitafuta: kusoma diski za zamani na kuzihamishia mahali salama. Kazi ya pili ni kuchoma mpya. Ukienda dukani na mpangilio huo kichwani, hutababaishwa na maneno ya kwenye boksi.

Bei sitaitaja, kwa sababu hupanda na kushuka na dola, na bei ya Kariakoo, Dar es Salaam, si ya Mwanjelwa, Mbeya. Nitakupa vipimo vya kuchagulia.

Kwanza, angalia ulichonacho nyumbani. Kama kompyuta yako ni ya mezani, ile ya mtumba iliyotoka ofisi za Ulaya, Marekani au Dubai, huenda ina kifaa cha diski tayari. Soma maandishi yaliyochorwa kwenye mlango wa trei. Yakisema DVD-ROM peke yake, hicho kinasoma tu, hakichomi DVD. Ukiona herufi RW chini ya alama ya DVD, kinachoma, na pengine huna haja ya kununua chochote zaidi ya kukisafisha vumbi. Wapo wanaouziwa raita mpya ilhali wanayo tayari ndani ya mashine.

Kama hakipo au kimekufa, fungua ganda la kompyuta, au mwombe fundi alifungue ukiwa umesimama pale pale, uangalie waya. Waya mpana, bapa kama utepe, wenye matundu arobaini, ni mtindo wa zamani uitwao IDE. Waya mwembamba wenye kichwa kidogo chenye umbo la L ni SATA, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 2006 hivi zinautumia. Raita za SATA za kompyuta ya mezani ndizo za bei ya chini kuliko zote na ndizo imara zaidi. Zina mota kubwa, zinapata umeme wa kutosha kutoka ndani ya mashine, na hazibebwi huku na huku zikaanguka. Mtu mwenye kompyuta ya mezani asihangaike na raita ya nje kwa sababu tu inapendeza mezani. Jambo moja tu la kuangalia: zile kompyuta ndogo za ofisini, nyembamba, zinazolazwa chini ya skrini, nyingi hutumia raita nyembamba ya aina ya laptopu. Pima kwanza, usije ukasafiri zaidi ya kilomita mia moja hadi Mbeya ukarudi na kitu kisichoingia.

Mwenye laptopu isiyo na tundu la diski atahitaji raita ya nje ya USB. Hapa ndipo pana maneno mengi na udanganyifu mdogo mdogo. Lakini kabla ya kununua mpya, jiulize kama ndugu yeyote ana laptopu iliyokufa. Kwenye laptopu nyingi za zamani, raita imeshikwa na skrubu moja tu kwa chini. Ukiifungua, raita inateleza nje yote. Yapo maganda ya plastiki yanayouzwa kwa bei ndogo yenye waya wa USB. Unaichomeka humo, na umepata raita ya nje. Maganda yapo ya unene wa milimita 12.7 na ya milimita 9.5, kwa hiyo chukua rula upime kwanza. Kwa maoni yangu, kwa mwenye laptopu hii ndiyo njia nafuu kuliko zote, na mara nyingi raita hiyo ya laptopu ya zamani ni bora kuliko ya dukani isiyo na jina.

Ukiamua kununua iliyo tayari, usihukumu kwa ganda. Ganda linaweza kuwa na jina lolote, linang'aa, lina taa ya bluu. Kinachofanya kazi ni kifaa kilichomo ndani, na kompyuta inakijua. Mwombe muuzaji aichomeke kwenye laptopu ya dukani, afungue ile orodha ya vifaa ya Windows, asome jina. Ukiona HL-DT-ST, hiyo ni Hitachi na LG. TSSTcorp ni Toshiba na Samsung. MATSHITA ni Panasonic. PLDS ni Philips na Lite-On. Hao ni watengenezaji waliofanya kazi hii kwa miaka mingi. Ukikuta jina hilo ndani ya ganda la bei nafuu, umepata mali. Ukikuta herufi zisizoeleweka, omba upunguziwe bei au uone nyingine.

Sasa umeme, maana hapa ndipo raita nyingi za nje zinapolaumiwa bila kosa. Tundu la USB la zamani, lile la 2.0, kwa kanuni linatoa miliampia 500 tu. Raita inapoanza kuzungusha diski inaweza kuhitaji mara mbili ya hapo. Matokeo yake inalia tik, tik, tik, inazima, inawaka tena, na mtu anasema ameuziwa mbovu. Tafuta raita yenye waya wa vichwa viwili, ambapo kichwa cha pili ni cha kuongeza umeme, au hakikisha inakuja nao kwenye boksi. Kama kompyuta ni ya mezani, chomeka matundu ya nyuma, si ya mbele. Na usiichomeke kwenye kile kigawio cha USB chenye panya, kibodi na flashi kwa pamoja.

Kuhusu mwendo, boksi litaandika namba kubwa, kwa mfano 24x. Soma kwa makini: hiyo mara nyingi ni ya CD. Kwa DVD, raita nyembamba za nje kwa kawaida huishia 8x, na za mezani hufika 16x na kuendelea. Kwa mwendo wa 8x DVD nzima inachukua kama dakika 8 hadi 10. Kwa 4x ni robo saa. Kwa mtu wa nyumbani anayechoma diski mbili Jumamosi, tofauti hiyo haina maana. Usiongeze hata shilingi kwa ajili ya neno USB 3.0 pia. DVD kwa mwendo wa 8x inahitaji kama megabaiti 11 kwa sekunde, na USB 2.0 inazimudu bila shida.

Fedha utakayookoa hapo, ipeleke kwenye diski tupu. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu watu hufanya kinyume: wananunua raita ya bei kubwa, kisha wanachomea diski za ule mnara wa plastiki usio na jina. Diski ndiyo itakayobaki na sauti ya bibi. Raita ikifa unanunua nyingine. Nunua chache zenye jina la kuaminika, na zikague: uso usiwe na mikwaruzo wala viputo, ukingo uwe laini, rangi iwe sawasawa pande zote.

Utaulizwa kama unataka zenye alama ya kutoa au ya kujumlisha, DVD-R au DVD+R. Raita ya leo inachoma zote. Ila kama utampelekea mama mkwe mwenye deki ya miaka mingi, chukua DVD-R, kwa kuwa deki nyingi za zamani zinaielewa zaidi. Zile za RW, za kufuta na kurudia, zinafaa kwa majaribio, si kwa kumbukumbu. Na ukiona boksi limeandikwa 4.7 GB lakini kompyuta inakuonyesha 4.38, hukuibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Usiondoke dukani bila kujaribu. Nenda na diski mbili za kwako: moja ya kuchoma, ya zamani, ambayo unajua inasumbua kidogo, na moja ya kiwandani. Raita nzuri inaisoma ile ya zamani taratibu lakini inafika mwisho. Kisha nunua diski tupu moja pale pale, choma chochote kinachoijaza, na uiambie programu ihakiki baada ya kuchoma. Kuhakiki ni kusoma upya kila kilichoandikwa na kukilinganisha na chanzo. Muuzaji akikataa kukupa muda huo, liko duka lingine mbele. Na kama mzigo unaagiza Kariakoo uletewe na basi, kubaliana na muuzaji kabla hujatuma fedha kwamba ikigoma kusoma utairudisha, na akutumie picha ya lile jina la ndani nililotaja.

Ukishafika nyumbani, programu si lazima ununue. Windows 7 na kuendelea inachoma faili yenyewe. Kuna ImgBurn, ya bure, ingawa toleo lake la mwisho lilitoka mwaka 2013. Ni nzuri sana kwa kutoa nakala kamili ya diski na kuiweka kama faili moja kwenye kompyuta. Uwe mwangalifu unapoipakua, kwa kuwa tovuti nyingine huichanganya na takataka. Kuonyesha DVD, tumia VLC.

Lipo kosa moja linalowaudhi watu kila siku. Mtu anachukua video za simu, anazichoma kwenye DVD, anampelekea shangazi, na deki inasema haioni kitu. Deki za zamani hazijui faili za simu. Zinataka mpangilio wake maalumu, ile folda iitwayo VIDEO_TS, na video iliyogeuzwa kuwa ya aina ya MPEG-2. Programu kama DVDStyler, ambayo nayo ni ya bure, inafanya kazi hiyo: unaipa video, inazigeuza, inakuwekea na ukurasa wa kuchagulia. Usijaze zaidi ya saa mbili kwenye diski moja, la sivyo picha itachakaa. Na hakikisha programu inafunga diski ikimaliza, maana isiyofungwa itafunguka kwenye kompyuta yako tu.

Na zile VCD, yaani video zilizowekwa kwenye CD, za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo harusi moja ilikaa kwenye diski mbili au tatu? Usizitupe. Raita ya DVD inazisoma. Ndani utakuta folda iitwayo MPEGAV yenye faili zinazoishia na DAT. Zinakili kama zilivyo, VLC inazionyesha. Ila zishike kwa hadhari kuliko DVD. Kwenye DVD, tabaka la habari limebanwa katikati ya vipande viwili vya plastiki vya milimita 0.6 kila kimoja. Kwenye CD liko juu kabisa, chini ya maandishi. Mkwaruzo wa upande wa picha, ambao watu huudharau, ndio unaoiua CD.

Diski chafu ifute kwa kitambaa laini, kuanzia katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, si kwa kuzungusha. Mwaka 2003 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo wa kutunza CD na DVD, na mengi yake yanatufaa huku: shika kwa kingo, simamisha diski kwenye kasha badala ya kuilaza kwa miaka, weka penye giza na ubaridi, usibandike stika, andika kwa kalamu laini isiyo na kemikali kali. Stika hasa ni adui. Gundi yake inajikunja kwa joto, diski inapinda, leza inapoteza njia.

Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, diski hiyo imekwenda, ingawa faili zako zimebaki. Kwa hiyo laptopu iwe imejaa chaji, na kompyuta ya mezani isubiri umeme utulie kama huna UPS, ile betri ya kushikilia umeme. Usiguse meza, usifungue programu nyingine nzito. Choma kwa 4x au 8x hata kama raita inaweza zaidi. Na funika raita kwa kitambaa ukimaliza, hasa kiangazi, upepo wa Usangu unapoleta vumbi jekundu hadi ndani ya droo. Vumbi kwenye jicho la leza ndilo linaloua raita nyingi kabla ya wakati wake.

Nizungumze na vijana wenye wazo la biashara. Raita ya nyumbani si ya kutoa nakala mia mbili za kwaya kwa usiku mmoja. Itachoka, na nakala za mwisho zitakuwa mbovu. Kwa kazi hiyo zipo mashine za kuchoma diski nyingi kwa mpigo, na wenye nazo mjini watawatoza kwa kila diski. Na kazi ya msanii mwingine si yako kuichoma na kuiuza stendi. Sheria ya hakimiliki ipo tangu mwaka 1999, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ipo, na wasanii wetu wa injili na wa filamu wameumia sana kwa nakala za wizi. Harusi ya dada yako, hata hivyo, ni kumbukumbu ya nyumbani kwenu. Hiyo iokoeni.

Mpango wa kazi ni huu. Kusanya diski zote za ukoo, zipange kwa miaka, anza na ya zamani kuliko zote na yoyote inayoganda. Toa nakala kamili kwenye kompyuta. Ikigoma, isafishe, jaribu tena raita ikiwa baridi, kisha jaribu kwenye raita ya jirani, kwa sababu jicho moja husoma pale jingine linaposhindwa. Ukishaipata, choma diski mbili mpya, na faili iweke pia kwenye flashi au hard disk ya nje. Flashi peke yake haitoshi. Inapotea, inapata virusi, mtoto anafuta akaweka miziki. DVD-R ikishafungwa, kirusi hakiwezi kuibadilisha. Diski moja ibaki Igawa. Ya pili mpe ndugu anayeishi mji mwingine, Iringa au Dar es Salaam, aiweke kabatini kwake mbali na dirisha, na kwenye kasha uandike jina la sherehe, tarehe, mahali, na majina ya wazee wanaoonekana humo.